Grafaiti kwenye mashine ya boti? Mimi nakataa

Hapa Lamu mtu akishasikia grisi nyeusi yenye grafaiti ni nzuri basi anapaka kila mahali, kitasa, cheni ya boda, bolti za mashine ya boti, kwake yote chuma tu. Kwenye boti mimi nakataa, na si kwamba grafaiti ni mbaya, kusema kweli ni kitu cha ajabu.

Ni kaboni tupu, ndugu yake almasi, ila hii imejipanga matabaka matabaka na hayo matabaka hayajashikana sana so yanateleza, ndio maana penseli inaandika, na ndio maana kitasa cha chumbani kikigoma ukikikwangulia unga wa penseli kinalegea. Moto nao haiuogopi, viwandani wanatengenezea vyungu vya kuyeyushia madini. Na haitoki mbali jamani, majirani zetu wa bahari hii hii wanayo, Mahenge kule Tanzania, Balama Msumbiji, Madagaska ndio wameanza kuchimba zamani zaidi ya miaka 100. Mwamba unasagwa, unatiwa kwenye maji yenye dawa na kupulizwa mapovu, grafaiti haipendi maji kwa hiyo inapanda na povu, mchanga unabaki chini. Nyingi huenda kusafishwa Uchina ikaingie kwenye betri za simu na pikipiki za umeme (kila mtu anaimba lithiamu, lakini kwa uzito betri ile ina grafaiti nyingi kuliko lithiamu yenyewe).

Sasa tatizo ni kwamba grafaiti inapitisha umeme. Pasua betri ya tochi iliyokwisha, zile kubwa za bei rahisi, utakuta kile kijiti cheusi cha kaboni katikati kizima kabisa, watoto hukichukua wakachorea ukutani, lakini kopo la zinki limeliwa hadi limetoboka. Basi kwenye mashine yako ni yale yale: bodi ya alumini ndio inashika nafasi ya zinki, maji ya chumvi yako tele, na kijiti ni ile grisi ya grafaiti uliyoipaka mwenyewe kwa kidole. Haihitaji waya wala swichi. Bolti ya stenlesi peke yake tayari inaila alumini polepole, ukiongeza grafaiti umeichochea. Unaona unga mweupe unatoka pembeni ya bolti, rangi inavimba, siku ya kufungua haizunguki, fundi anaikata na wewe unalipa.

Kuna wanaosema mbona mimi napaka na sijaona kitu. Sawa, labda boti yako inalala juu ya mchanga na mashine unaiosha maji baridi yasiyo na chumvi kila ukirudi. Zile zinazoshinda kwenye maji pale Mokowe hazina bahati hiyo.

Grisi ya baharini ipo madukani. Wala usiangalie rangi tu, maana ziko nyeusi zisizo na grafaiti, soma mkebe. Na kile kipande cha zinki kilichofungwa chini ya mashine usikipige rangi, kimewekwa pale ili kiliwe chenyewe kwanza.