Arobaini Imebaki Jina

Siku ya tatu baada ya kujifungua niliosha vikombe 19. Idadi naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimesimama kwenye sinki, nyuzi zinaniwaka, na kuhesabu ndiko kulikonizuia nisilie. Wageni walikuwa wametoka punde tu. Waliniachia pakiti tano za nepi, zote saizi ndogo kabisa, harufu ya udi kwenye pazia, na ushauri wa kuwatosha watoto kumi.

Sina ugomvi na wageni. Mombasa mtoto akizaliwa watu huja, wasipokuja ndipo pana neno. Ninachogomba ni hii tabia yetu ya kusema twafuata mila ya arobaini, zile siku 40 za kumtunza mwanamke aliyejifungua, ilhali tumeshika upande wake mwepesi na ule mzito tumeutupa.

Mamangu aliponizaa mimi, nyanya alimchukua kwake Mtongwe siku zote 40. Asubuhi uji wa pilipili manga, mchana supu ya kuku wa kienyeji, jioni akandwe kwa maji ya moto kisha afungwe tumbo kwa leso. Halati zangu wawili, dada zake mama, walipokezana, mmoja kwenye nepi za kitambaa, mmoja jikoni. Mgeni alipopiga hodi, chai aliletewa na mtu mwingine. Na kama mzazi kalala, mgeni alikunywa chai yake akaenda zake, wala hakuna aliyenuna. Mama husema hakushika sufuria mpaka alipotoka nje. Nilipokuwa msichana nilidhani ajisifu tu.

Si kwamba kila kilichokuwamo kilikuwa sawa. Mvuje, ule utomvu wa dawa, ulinuka nyumba nzima. Kuna waliopaka majivu kwenye kitovu cha mtoto, jambo linaloweza kumletea pepopunda. Na yale maji ya moto, mamangu mpaka leo anaamini ndiyo yanayotoa damu iliyoganda tumboni. Kazi hiyo mji wa mimba waifanya wenyewe, hujikaza kila mtoto anaponyonya. Lakini nilipokandwa mgongo mara mbili tatu, nikalala saa mbili mfululizo, sikumbishia tena. Nilimwomba tu asinifikie penye mshono.

Mimi uchungu ulinianza Jumatano baada ya isha, mtoto akatoka Alhamisi alasiri. Mkunga alikuwa ameshaniambia kuwa mimba ya kwanza haina haraka. Ijumaa jioni tukaruhusiwa, mtoto amedungwa sindano ya kifua kikuu mkono wa kushoto na kutiwa matone ya polio, nami nimekumbatia kile kijitabu cha mama na mtoto kama hati ya shamba. Tukapanda ngazi polepole hadi ghorofa ya tatu, Bamburi. Mlango ukafungwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna nyanya, hakuna halati, na Mtongwe i ng'ambo ya pili.

Mamangu yuko Likoni na anauza mahamri na mbaazi. Anaamka saa tisa usiku kukanda unga, saa nne asubuhi ndipo anafunga meza. Kisha apande feri, apande matatu mbili, afike kwangu adhuhuri imeshapita, na kabla ya magharibi arudi akaloweke mbaazi za kesho. Akifunga biashara siku 40 kodi ya nyumba atalipiwa na nani? Nyanya alikuwa na shamba la minazi na mabinti wawili nyumbani. Mama ana meza na deni la unga. Watu wanaposema wanawake wa siku hizi wameacha mila, huwa nataka kuwapandisha ile feri ya saa tano.

Mume wangu naye ni fundi wa friji. Sheria ya ajira ya 2007 yampa baba wiki mbili za likizo yenye malipo, na mama miezi mitatu. Mimi nimeajiriwa, miezi yangu niliipata. Yeye anajiajiri, na friji ya mtu ikiharibika nyama haingojei wiki mbili. Jumatatu alikuwa kazini.

Kwa hivyo tumebaki na nini katika arobaini? Wageni. Mikono imeondoka, macho yamebaki.

Macho yenyewe yanamtazama mtoto. Pua ya nani, masikio yaonyesha atakuwa mweusi au mweupe, mbona ana nywele nyingi. Katika wote walioingia wiki ile ni mmoja tu aliyeniuliza natoka damu kiasi gani. Alikuwa mhamasishaji wa afya wa mtaa wetu, mama wa makamo mwenye mkoba begani. Chai alikataa. Aliuliza pedi moja inachukua muda gani kujaa, nina homa, naumwa na kichwa. Akaniambia nikiona pedi inalowa chepechepe ndani ya saa moja, nisingoje mtu, niende hospitali. Kuvuja damu ni miongoni mwa mambo yanayoua wazazi wengi zaidi, na mzazi aliyezungukwa na watu kumi sebuleni anaweza kuzidiwa chumbani bila mtu kujua.

Usiku ule ule wa vikombe mtoto alilia tangu isha hadi karibu na alfajiri. Ananyonya, anaachia, analia, anataka tena. Shangazi wa mume wangu, aliyelala kwetu, akatoa hukumu: "Mwanangu, maziwa hayajakushuka. Mpe maji ya sukari kidogo atulie." Alisema kwa huruma, na nilichoka kiasi kwamba kijiko nilikishika. Kilichonizuia ni maneno ya mkunga: siku za mwanzo hutoka dang'a, kidogo, nzito, ya manjano, na kidogo hicho kinamtosha, kwa sababu tumbo la mtoto mchanga ni dogo mno. Maziwa mengi huja siku ya pili hadi ya nne au ya tano. Kunyonya ovyo ovyo usiku kucha ndiko kunakoyaita. Maji ya sukari yangemshibisha bure, na maziwa yakakosa wa kuyaita.

Kesho yake yalishuka, na machozi nayo. Nililia kwa sababu mkate umekwisha. Nililia kwa sababu mume wangu alileta mkate. Niliambiwa baadaye ni kawaida siku hizo, ila yakizidi wiki mbili ni jambo la kumwona daktari. Ningependa ningeambiwa mapema, kabla sijajiona mama mbovu mbele ya slesi za mkate.

Kuna watakaosema, ajiri msichana wa kazi. Mwenye uwezo na aajiri. Wengine dawa yetu tunayo mlangoni kila siku, imevaa buibui na kubeba nepi. Mgeni akiona sinki limejaa, aoshe. Aje na chakula chake kwenye hotpoti, aondoke na leso za mtoto akazifue kwake. Asiyeweza hayo asalimie kwa simu, dua inafika. Na wanaume waingie jikoni. Mume wangu alifundishwa uji wa pilipili manga kwa simu, mama yuko kwenye feri, upepo unavuma, anapiga kelele "usiutie pilipili kabla haujachemka!" Uji wa kwanza ulikuwa na madonge. Shangazi alishangaa mwanamume kumpikia mzazi. Bakuli lake hata hivyo alilimaliza.

Mwezi uliopita binamu yangu alijifungua kule kule Mtongwe. Nilivuka na kuku aliyekwisha kupikwa na sabuni ya kipande. Nilimkuta amekaa upande mmoja, kama nilivyokuwa nikikaa, anataka kuinuka aniwekee maji ya chai. Nikamwambia, "Keti, mama." Sebuleni mlikuwa na wanawake wanne nisiowajua vizuri. Niliwapa salamu, nikawauliza nani ataosha na nani atasuuza. Mmoja alinikodolea macho. Wawili wakavua buibui. Mtoto sikumwona, alikuwa amelala, na mamake akapitiwa na usingizi hapo hapo kabla hatujafika kwenye sufuria.