Vitundu Vinane

Barza letu la hapa Nguba, Bukavu, ni fahari yangu. Paa la mabati yanayopitisha mwanga, mbele vioo kwenye fremu za alumini, na Ziwa Kivu limelala kule chini utadhani nimelilipia. Mvua za Septemba zilipoanza, tone moja likawa linaanguka kwenye kiti changu. Moja tu. Ningesogeza kiti, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini mimi nina ngazi. Nikaenda soko la Kadutu, nikanunua mirija mitatu ya silikoni, ile gundi ya kuzibia, nikapaka palepale juu ya kiti. Mvua iliyofuata tone likahamia kwa binti yangu Neema. Nikapaka juu ya Neema. Likahamia kwa redio. Nikaanza kukagua fremu, na kule chini kabisa, upande wa nje, nikakuta vitundu vinane. Vinane! Nikamwita mama watoto aje ajionee mafundi walivyotuibia. Nikaviziba vyote kwa kidole, nikalainisha kwa mate.

Mvua ya tatu fremu zilitapika ndani. Kochi likalowa miguu, tukapanga sufuria, beseni na bidoni lililokatwa shingo.

Ndipo mama mkwe akafika kutoka Uvira na mfuko wa ndagala, dagaa za kwao Tanganyika, maana sambaza, dagaa zetu za Kivu, hajawahi kuzihesabu kuwa samaki. Siku hiyo tulikuwa tumepika sambaza. Nikamkalisha mahali pakavu, pekee palipobaki. Mvua ikashuka, na tone likatua katikati ya sahani yake: twa!

"Papa Neema," akasema taratibu, "sasa zimepata maji, ziogelee."

Akainuka. Hakuangalia juu ya sahani. Alifuata kwa kidole alama ya kahawia kwenye boriti, hatua tatu nzima, mpaka ukutani. Kile kipande cha bati kilichokunjwa kufunika maungio ya paa na ukuta kilikuwa kimeachama, kidole kinapita. "Yanaingia hapa, yanatembea na mti, yanamwangukia mgeni." Kisha akachungulia nje kwenye fremu. "Na huu bugali mmebandika wa nini?"

Nikamweleza, kwa majivuno kidogo.

"Mwanangu, hivyo ni vya kutolea maji! Yakiingia kwenye fremu yatokee wapi, kwako?"

Akachomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa, akanipa. Mvua ilipotulia nikachuchumaa nje, nikadunga cha kwanza. Maji yaliyolala humo wiki nzima yakanirukia suruali, mbele, pale pabaya. Watoto wa jirani wakawa wananihesabia: mbili! tatu! Kufika cha nane, mzee wetu wa kanisa akapita. Akaitazama suruali, akamtazama mama mkwe aliyesimama juu yangu, akasalimia ziwa, akaenda zake.

Kesho yake jua likawaka, tukakigongomea upya kile kipande cha bati. Kisha mimi juu ya ngazi namwaga maji kwa kopo, nikianzia chini na kupanda polepole, yeye ndani anapiga kelele, "Bado! Kavu! Panda!" Alikataza nisianzie juu, eti maji yatateremka kila mahali na hatutajua yameingilia wapi.

Siku ya kurudi Uvira nikabeba mkoba wake. Mzito. Ndani, chini ya kitenge, mrija wangu wa mwisho wa silikoni.

"Huu naenda nao," akasema. "Nyumba hii bado ina matundu mengi."