Tairi Husomwa Ubavuni

Wenye pikapu tuna ugonjwa mmoja. Tukiingia duka la matairi, macho yote kwenye meno. Tunapitisha kidole juu ya kashata za mpira, tunaingiza ukucha kwenye mfereji kupima kina, tunatikisa kichwa kwa kuridhika, halafu tunaanza kuvutana bei. Mimi nimefanya hivyo miaka mingi, mpaka barabara ya Engaresero, kijiji cha kando ya Ziwa Natron, iliponifundisha kuchuchumaa.

Ninabeba mizigo kwa Land Cruiser ya kebini moja. Kutoka Arusha hadi Mto wa Mbu ni lami, gari linateleza. Ukikunja kulia pale kuelekea Engaruka na Ziwa Natron, ni habari nyingine kabisa: vumbi, makorongo, mikunjo kama bati la paa, na kadiri unavyokaribia Ol Doinyo Lengai, mawe meusi ya volkano yenye kingo kama chupa iliyovunjika. Siku hiyo nilikuwa na mifuko 20 ya saruji, tani nzima. Nyuma nilikuwa nimefunga matairi mawili ya mtumba yenye meno makubwa, ya kukanyagia tope. Nilikuwa nikiyaonea fahari hata gari likiwa limepaki.

Tairi la kushoto halikutobolewa kwenye meno. Jiwe lililisugua pembeni, nikasikia kama mtu kachana turubai, gari likainama upande. Mpasuko ulikuwa mrefu kama kiganja changu, ubavuni. Nikafunga spea, nikatambaa hadi kijijini. Kijana wa pancha aliligeuza mara moja tu.

"Mzee wangu, hapa hakuna pancha. Hapa ni mazishi."

Alinionyesha kwa bisibisi: mpira wa ubavuni ulikuwa na mipasuko midogo midogo kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Kisha akaniuliza limetengenezwa lini. Sikujua. Akafuta vumbi kwa kitambaa, tukasoma pamoja tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi langu la fahari lilikuwa limezaliwa miaka 11 kabla ya siku ile. Watengenezaji wengi wanasema likifika miaka 10 litupwe, hata kama meno yamejaa tele. Na hizo tarakimu mara nyingi zimeandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo likiwa limefungwa huenda ukalazimika kulala chini ya gari kuzisoma.

Basi maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaonicheka: kwa anayetafuta tairi la bei nafuu la njia zote, meno ndiyo kitu cha mwisho kutazama. Kwenye maduka yetu karibu kila tairi lenye jina la njia zote lina meno ya kutosha safari zetu. Tofauti iko ubavuni, na imeandikwa.

Tazama kwanza herufi LT. Hilo ni tairi la gari la mzigo. Kisha namba ya uzito. Kwenye saizi yangu, 235/85R16, utakuta 120/116. Ile 120 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,400; ile 116 ni kilo 1,250, kwa magari yanayofungwa matairi mawili mawili nyuma. Sasa wapo wenye pikapu za rimu 17 wanaofunga tairi lenye 112, yaani kilo 1,120, kwa sababu ni laini na linapendeza. Kwa kwenda kanisani na sokoni, sawa. Lakini pakia tani, uzito mwingi unalalia ekseli ya nyuma, halafu ingia shimoni kwa mwendo: pale tairi halibebi tena uzito ulioandikwa kwenye karatasi. Ukiona 121 kwenye saizi yako, yaani kilo 1,450, na bei imepanda kidogo, ongeza hiyo hela.

Herufi E inamaanisha nguvu ya plai 10, yaani tabaka 10 za nyuzi, C ni plai 6. Usizihesabu tabaka zenyewe, hazifiki kumi. Ni kipimo cha nguvu kilichobaki tangu enzi za matairi ya nyuzi za pamba. Mimi ninachokitafuta zaidi ni ule mstari mdogo wenye neno SIDEWALL, unaotaja ubavu una tabaka ngapi. Mengi yana mbili. Ukipata tatu, kwa njia ya mawe, umepata rafiki.

Majina je? BFGoodrich wamekuwa wakiuza tairi la njia zote tangu 1976, na sina ugomvi na anayemudu seti nzima. Mimi simudu. Ila nimeacha ule mchezo wa kununua jina kubwa likiwa mtumba. Ya mtumba yale nililipa shilingi 180,000 kila moja, na lililopasuka lilikuwa limetembea kilomita 9,000: shilingi 20 kwa kila kilomita. Baadaye nikanunua mapya ya jina la kati, kutoka Thailand, 520,000 moja. Niliumia, nakiri, mke wangu aliuliza kama nimenunua matairi au kiwanja. Leo yamefika kilomita 41,000, chini ya shilingi 13 kwa kilomita, na meno bado yapo. Mtumba ulikuwa ghali.

Yale meno makubwa ya tope nayo yana gharama ambayo muuzaji haitaji. Kwenye lami yananguruma mpaka redio haisikiki, yanakula mafuta, na mvua ikinyesha breki inakuwa ndefu. Tena kwenye udongo mweusi wa mbuga hata hayo hujaa tope yakawa maandazi manne. Pale dawa ni kusubiri jua.

Na upepo. Vijana wengi wa pancha wana namba moja kichwani, wanajaza magurudumu yote sawa, umepakia hujapakia. Mimi nyuma naweka psi 60 nikiwa na tani, nikirudi tupu nashusha hadi 30, na tairi linajikunja juu ya jiwe badala ya kupigana nalo. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri inakaa chini ya kiti. Bila hiyo, hata tairi la plai 10 utalichinja mwenyewe.

Wiki iliyopita nilirudi dukani, kwa kuwa ya mbele sasa yamechoka. Tangu kiwanda cha matairi cha General Tyre cha hapa Arusha kisimamishe mitambo, yote ni ya kutoka nje, na safari ya meli si fupi. Kisha yanaanikwa mlangoni yapigwe jua la mchana kutwa. Nikachuchumaa. Muuzaji akashusha pumzi, kwa maana ananijua, akaanza kuyageuza moja moja nisome. Nilitaka manne, mawili ya kufunga na mawili ya akiba. Matatu yalikuwa ya mwaka jana. La nne, meno yale yale, plastiki yake bado haijachanwa, lilikuwa na miaka sita.

"Lakini ni jipya, baba," akasema.

Nikalipia matatu.