Stesheni ya Kibigori: tuibomoe au tuitunze?

Mpakani mwa kaunti za Kisumu na Nandi, magharibi mwa Kenya, reli ya zamani kutoka Nakuru hushuka hadi uwanda wa Kano na kupita Kibigori. Treni za abiria zilikatizwa kwa miaka kadhaa, stesheni ndogo za njia hii zikakosa kazi. Safari za Kisumu zilirejea Desemba 2021, lakini treni chache haziwezi kuzifufua zote. Je, ardhi ya stesheni ya Kibigori igawiwe kwa matumizi mengine?

Wanaosema ndiyo wana hoja. Stesheni hizi hazikupangwa kwa kufuata mahitaji ya vijiji. Reli ni ya njia moja, hivyo palihitajika mahali pa treni kupishana, na injini za mvuke zilihitaji maji njiani. Leo bodaboda humfikisha mtu hadi mlangoni kwake. Mama anayeuza mboga jua kali ana haki ya kuuliza kwa nini ardhi ya umma ikae bure.

Ipo hoja nyingine, chungu zaidi. Reli ilifika Ziwa Victoria Desemba 1901, ikipita kando ya nchi ya Wanandi, ambao walikuwa wakipambana na Waingereza tangu 1895. Walichukua waya za simu na vyuma vya reli wakafua silaha na mapambo. Tarehe 19 Oktoba 1905, Orkoiyot wao, yaani kiongozi wao wa kiroho, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na huko Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza, akampiga risasi, akafa. Baada ya hapo Wanandi waliokaa karibu na reli walihamishwa kwa nguvu na ardhi yao wakapewa walowezi. Mjukuu wao akikataa kuita stesheni ya mkoloni urithi wake, simlaumu.

Hata hivyo, naegemea upande wa kuitunza, na sababu yangu ya kwanza ni historia hiyohiyo. Tukisimuliwa reli, husimuliwa simba wa Tsavo waliokula wafanyakazi wake mwaka 1898. Wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India, ambao karibu 2,500 walikufa, hutajwa kwa sentensi moja. Wanandi wakati mwingine hawatajwi kabisa. Huko juu Nandi Hills kuna makumbusho ya Koitalel. Huku chini ndiko ilikopita reli yenyewe. Mwanafunzi anastahili kuona vyote viwili kwa siku moja, na bango la stesheni liseme wazi nani alifukuzwa.

Tena reli hii haikuwa ya mkoloni peke yake. Wahindi walioilima Kibos na wakulima wa miwa wa Miwani waliitegemea, na vijana wa Kijaluo waliipanda kwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa. Njia kuu ilipofika Kampala kupitia Eldoret mwaka 1931, hii ya Kisumu ikageuka tawi. Lakini miwa bado ipo, na matrekta yanayoibeba yanaumiza barabara. Mzigo mzito wa namna hiyo ndio kazi ya reli.

Soko linaweza kuwekwa pale kwa mkataba wa muda. Hatimiliki ya mtu binafsi ni jambo jingine: ikishatolewa, kuirudisha ardhi ni kesi ya miaka. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inamruhusu waziri kulitangaza jengo kuwa la kuhifadhiwa. Kabla ya hapo, shirika la reli na kaunti hizi mbili zipime mipaka ya kiwanja na kuiweka hadharani, wazee wa Nandi na wa Kano wakiwepo.