Kura 16 za Tokelau

Oktoba 2007 sanduku la kura lilipakiwa chomboni likazungushwa Tokelau, visiwa vya Pasifiki vilivyo chini ya New Zealand, kisiwa kwa kisiwa: Atafu, Nukunonu, Fakaofo. Uwanja wa ndege hakuna. Mgeni hufika kwa meli kutoka Apia, Samoa, baada ya zaidi ya siku nzima baharini. Waangalizi wa Umoja wa Mataifa walikuwepo. Swali lilikuwa kama Tokelau ijitawale huku ikibaki na ushirika wa hiari na New Zealand. Ndiyo 446, hapana 246. Ili kupita zilitakiwa theluthi mbili, yaani 462. Zikapungua 16.

Tangu hapo, kila yanapotajwa maeneo 17 ambayo Umoja wa Mataifa unayahesabu kuwa bado hayajitawali, Tokelau huletwa kama kichekesho: watu wapatao 1,500, wamefunguliwa mlango mara mbili, wamegoma kutoka. Mwaka 2006 nako walikwama, kwenye asilimia 60. Sisi tuliokuzwa kwa simulizi za bendera kushushwa usiku wa manane tunaona aibu kwa niaba yao. Nadhani tunawaonea.

Tuanze na nani alikuwa akiitaka ile ndiyo. New Zealand iliitaka. Kamati ya 24, inayosimamia suala hili kwenye Umoja wa Mataifa, iliitaka zaidi, maana tangu Timor Mashariki ilipojitwalia uhuru 2002 haikuwa na eneo jipya la kujivunia. Viongozi wa Tokelau wenyewe waliipigia debe. Aliyeandika hapana hakuwa akimng'ang'ania mkoloni, alikuwa akimkatalia.

Halafu hizo 16. Ni kaya chache tu, na kwa wingi wa kawaida Tokelau ingekuwa imetoka kwenye orodha tangu 2006. Lakini kigezo cha theluthi mbili hakikushushwa kutoka Wellington wala New York. Ulikiweka mkutano mkuu wa Tokelau wenyewe, Fono. Huko samaki wa kijiji wakivuliwa hugawanywa kaya kwa kaya, utaratibu wanaouita inati, na hakuna anayeondoka mikono mitupu. Watu wanaogawana samaki namna hiyo, ninavyowasoma mimi, hawawezi kuwaburuza jirani zao 246 kwa sababu tu wamewazidi kwa hesabu.

Na wasiwasi wao haukuwa wa kitoto. Watokelau wengi zaidi wanaishi New Zealand kuliko visiwani, na hao hawakupiga kura. Uraia waliahidiwa utabaki, ila ahadi ni ahadi. Ardhi yao ni pete za matumbawe zilizoinuka mita chache tu juu ya maji. Bahari ikiimeza, pasipoti ndiyo itakayobaki. Ukiwa kwenye orodha, anayekutawala hutakiwa kupeleka taarifa zako Umoja wa Mataifa mwaka hadi mwaka. Kuuacha ulinzi huo mkononi mwa neno zuri la serikali ya leo si jambo la kuharakia.

Wanaopinga hoja hii, kwamba hapana inaweza kuwa ya hiari kweli, wana silaha nzito, nayo inaitwa Kaledonia Mpya, visiwa vya Pasifiki vilivyo chini ya Ufaransa. Desemba 2021 asilimia 96.5 ya waliopiga kura huko walikataa kuachana na Ufaransa. Ukiishia hapo, mjadala umekwisha. Ila mwaka mmoja tu nyuma hapana ilikuwa asilimia 53. Kilichobadilika ni kwamba Wakanaki, wenyeji wa asili waliokuwa wakidai uhuru, walisusia: walikuwa kwenye maombolezo ya wafu wao wa korona, wakaomba kura isogezwe mbele, Paris ikakataa. Waliojitokeza hawakufika nusu. Kwa hiyo anayesema kwamba hiari ya anayetawaliwa inaweza kupikwa hasemi uongo, na ninamsikiliza. Tarehe nayo ni kura. Daftari la wapigakura ni kura.

Ndiyo maana sioni faida ya kupima hapana kwa ukubwa wake. Falkland 2013 walikataa kuachana na Uingereza kwa kura 1,513 dhidi ya 3, na Argentina, inayovidai visiwa hivyo, haikutikisika hata kidogo. Tokelau kigezo walikiweka wenyewe, na mtawala alikuwa upande ulioshindwa. Sijui ni ushahidi gani zaidi wa uhuru wa kuamua tunaoutaka. Azimio la 1541 la Umoja wa Mataifa la mwaka 1960 lenyewe liliweka njia tatu: uhuru kamili, ushirika wa hiari, au kuungana na nchi nyingine. Salim Ahmed Salim alipoiongoza Kamati ya 24 miaka ya 1970, Msumbiji, Angola na Rhodesia zilikuwa mezani na jibu lilikuwa moja. Lugha ya siku zile imebaki, nayo haina neno la mtu anayesema bado.

Sasa tuko kwenye muongo wa nne uliotangazwa wa kutokomeza ukoloni, unaoishia 2030, na mafanikio bado yanahesabiwa kwa majina yaliyofutwa. Kwa hesabu hiyo Tokelau na Sahara Magharibi ni deni lilelile. Tokelau waliulizwa mara mbili ndani ya miezi 20. Sahara Magharibi ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliundwa 1991 kuandaa kura ya maoni, na karatasi ya kupigia hiyo kura hakuna aliyeishika mpaka leo.