Mboga za majani peke yake hazitoshi

Mwandishi wa makala ya chakula cha watoto anaposema mtoto anayeanza kula hupata madini ya chuma ya kutosha kwenye uji na mboga za majani zilizopondwa, hapo sikubaliani naye hata kidogo. Chuma cha kwenye majani mwili hukifyonza kwa shida, tofauti na cha nyama, kuku na samaki, na mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji takribani miligramu 11 kwa siku, kuliko hata baba yake anayehitaji 8! Akiba aliyozaliwa nayo huanza kwisha akikaribia miezi 6, na kwa mtoto njiti huwahi zaidi. Mwanangu wa pili nilimlisha mboga hizo kila siku nikiamini namtendea haki. Alipofika miezi 9 muuguzi alimvuta kope la chini akanionyesha: ndani kweupe, wekundu haupo, na kipimo cha damu kikaja hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) gramu 8.9 kwa desilita, yaani damu imepungua. Alipewa dawa ya chuma ya matone, nami nikaanza kumsagia nyama iliyoiva vizuri pamoja na dengu, na mlo huo huo nampa chungwa au papai, maana vitamini C ndiyo inayosaidia chuma cha mimea kuingia mwilini. Chai sikumwonjesha, na maziwa ya ng'ombe ya kunywa yalisubiri mpaka alipotimiza mwaka, maana vyote viwili hupunguza chuma kinachoingia mwilini. Wazazi wenzangu, nyama mnaisagaje isibaki na nyuzinyuzi? Wangu akizigusa tu kwa ulimi, anatema zote.