Mlango Umebaki, Mwenye Mlango Kahama

Hatua chache kutoka nyumba ya shangazi yangu, Mji Mkongwe wa Unguja, kuna baraza, lile benchi la mawe la kukalia mbele ya nyumba, iliyopangwa vyungu vinne vya maua. Maua yenyewe mazuri, yanamwagiwa maji asubuhi na jioni. Ila ukivitazama vizuri vile vyungu utaona vimewekwa kwa hesabu: kati ya kimoja na kingine mtoto anaweza kujipenyeza, mtu mzima hakai. Nyumba ile ilikuwa ya watu, sasa ni hoteli ndogo ya wageni. Wazee waliokuwa wakicheza bao pale wamesogea baraza ya mbele, inayopigwa jua la alasiri, na kila siku saa tisa ikifika bao linafungwa kabla mchezo haujaisha.

Ukiipima nyumba ile kwa sheria za uhifadhi, haina kosa. Mlango ni uleule wa nakshi, urefu haukuongezwa hata tofali moja, kuta zimepakwa chokaa safi kuliko zilivyowahi kuwa. Mkaguzi akipita atatia tiki na kuendelea na safari yake. Na hapo ndipo penye hoja yangu ya leo.

Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985. Lisome hilo jina polepole. Uhifadhi, na Uendelezaji. Ni kama kumwoza mtu wake wawili wasioelewana na kumwambia awaweke chumba kimoja. Sheria yake ilitoka mwaka 1994, pamoja na mpango wa uhifadhi ulioyapa majengo madaraja na kusema lipi liguswe vipi, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mimi si katika wanaoisema vibaya Mamlaka kwenye kila kijiwe cha kahawa. Bila ya kazi yake, mtaa wa Shangani, humu Mji Mkongwe, leo ungekuwa ghorofa za vioo. Ninachosema ni kwamba jicho lake limezoea kutazama ukuta, na mji hauishi ukutani.

Ingawa ukuta nao una mambo yake, na acha niyaseme kwa sababu yalitukuta wenyewe.

Nyumba zetu hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na juu zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba: boriti ina kimo chake, kama mita tatu hivi, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti inayokivuka. Chokaa inapumua. Unyevu ukipanda kutoka ardhini, au mvua ya masika ikipiga, ukuta unalowa kisha unakauka wenyewe. Miaka kadhaa nyuma sisi, watoto wa familia, tulichanga fedha tukaona tumsitiri shangazi. Tukamleta fundi, akapiga lipu ya saruji ukumbini, nyororo kama kioo. Tukapiga na picha.

Masika ya pili ukuta ukaanza kutoa jasho. Rangi ikavimba, chumvi nyeupe ikachanua chini kama ukungu wa mkate, na usiku tulisikia vipande vikidondoka ndani, nyuma ya lipu, kama panya wanatembea. Maji yaliyokuwa yakitoka yalikosa pa kutokea. Fundi mzee wa mtaa wa Malindi, hapahapa mjini, alipoitwa hakutugombeza. Aligonga kwa kidole, akasikiliza, akachukua patasi. Lipu ilibanduka bamba zima, na udongo uliokuwa nyuma yake ulimiminika sakafuni kama pumba. Akasema, "Mmemvisha koti la plastiki mtu mwenye homa."

Kosa lilikuwa letu. Lakini ukiuliza kwa nini tulichukua saruji, jibu ni jepesi: saruji iko duka la jirani, mfuko unabebwa na mkokoteni, na kila fundi anaijua. Chokaa nzuri inatakiwa ichomwe, ilazwe shimoni ikae, na mafundi wanaoijua wanazeeka. Kanuni inayomwambia mtu asitumie saruji, bila ya kumwonyesha chokaa inauzwa wapi na kwa bei ipi, inamwachia mwenye nyumba maskini njia mbili tu: aivunje kanuni, au aiache nyumba idondoke. Tajiri hana shida hiyo. Ataleta chokaa, ataleta fundi, ataleta na msanifu. Kwa hiyo kanuni ileile iliyokusudiwa kuulinda mji inamsukuma taratibu aliyemo ndani auze kwa anayeweza kuitimiza.

Mkubwa naye akitaka kuivuka, huvuka. Jengo la Mambo Msiige, ambalo jina lake peke yake ni tambo, lilikuwa na ofisi za serikali. Likageuzwa hoteli kubwa ya ufukweni, ikafunguliwa mwaka 2015, na Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamika rasmi juu ya ujenzi ule. Hoteli ipo, imesimama, inapokea wageni.

Na Beit al Ajaib, Jumba la Maajabu? Sultani Seyyid Barghash aliijenga mwaka 1883, nyumba ya kwanza Unguja kuwashwa taa za umeme na kutiwa lifti. Tarehe 25 Disemba 2020, ikiwa katikati ya matengenezo kwa fedha za Oman, sehemu yake kubwa na mnara wa saa ikaanguka na watu wawili wakafariki. Dunia nzima ilipiga simu siku ile. Nyumba za kawaida zikianguka vichochoroni, kila masika, hakuna anayepiga simu.

Kinachoupa mji wetu tabia yake, kwa maoni yangu, ni matumizi yake: kwamba mtu anafungua dirisha la juu na kuteremsha kikapu kwa kamba achukue mkate, kwamba mtoto anatoka chuoni na juzuu kwapani, kwamba harufu ya saa moja ya usiku ni ya samaki na si ya mafuta ya kukandwa. Kwa hiyo kibali kigumu kuliko vyote kisiwe cha kuongeza dirisha, kiwe cha kugeuza nyumba ya kuishi kuwa nyumba ya kulaza wageni. Kila mtaa uwe na kiwango chake, na kikijaa kimejaa. Anayetaka hoteli aanze na yale maghala na maofisi matupu, asianze na nyumba yenye bibi na wajukuu.

Najua jibu nitakalopewa, maana hata ndugu yangu wa tumbo moja hunipa: hoteli ndizo zilizookoa nyumba nyingi. Ni kweli. Zipo nyumba ambazo kabla ya mwekezaji zilikuwa na mti wa mtini umeota ndani ya ukuta na popo wanalala ukumbini. Mtalii analeta ajira, na sili mimi peke yangu kwenye hii biashara, nina wapwa wawili wanaoishi kwa kutembeza wageni. Lakini wageni wale hawakuja kutazamana wenyewe kwa wenyewe. Mpwa wangu mmoja ameniambia kuna vichochoro hawapitishi tena, kwa sababu hakuna cha kueleza: duka la vinyago, hoteli, duka la vinyago, hoteli.

Mgeni hutozwa kodi kila usiku anaolala hotelini. Sehemu ya kodi hiyo, hata ndogo, itengwe iwe chokaa na boriti za bei nafuu kwa anayeishi ndani ya nyumba yake, na mafundi vijana walipwe wakijifunza kwa wazee. Sioni ugumu wake, isipokuwa ule ugumu wa kuiachia fedha ikishaingia mfuko mwingine.

Na Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, upande wa pili wa barabara ya Darajani, tusiisahau, kama wapangaji wengi walivyoisahau. Mipango ya mji huu imeandikwa na Waingereza mwaka 1923 na 1958, na Mjerumani wa Mashariki mwaka 1968, na Wachina mwaka 1982, na takriban wote waliutazama upande ule wa barabara kama kiwanja. Majumba ya Michenzani, yale maghorofa marefu ya huko Ng'ambo, yalipita juu ya mitaa ya watu. Leo ukitaka baraza yenye watu wazima wanaobishana hadi usiku wa manane, vuka Darajani uende huko. Hakuna muhuri wa UNESCO, na hakuna chungu cha maua juu ya baraza.

Ramadhani iliyopita alikuja bwana mmoja nyumbani kwa shangazi, mtaratibu, kanzu imepigwa pasi, akauliza kama tunauza. Nyumba ina warithi saba: wawili wako Muscat, mmoja Dubai, mmoja hatuzungumzi naye vizuri, na sote tunajua kuta za juu hazijaguswa tangu siku ya patasi. Fedha aliyoitaja ilitufanya tunyamaze. Shangazi akamuuliza kama ameshafuturu. Akasema bado. Akaletewa uji, tambi na sambusa, akala kwa adabu, akashukuru, akaacha kadi yake juu ya kasha.

Kadi bado ipo pale. Wiki iliyopita nilimkuta shangazi ameigeuza, nyuma yake ameandika kwa kalamu ya risasi idadi ya mifuko ya chokaa aliyoambiwa na fundi, na bei yake.